Kompyuta ya thieta: tulivyoanza na moja, na wewe unavyoweza kuanza

Daftari letu la thieta lina jalada gumu la bluu, na kona zake zimelika kwa spiriti. Nimekuwa nikiliandika kwa miaka 19, tangu nilipohamishwa kutoka wodi ya wazazi kuja chumba cha upasuaji, katika hospitali ya mkoa huku pwani ya kusini mwa Tanzania. Kila aliyelala kwenye meza yetu ana mstari wake humo: busha, ngiri, kidole tumbo, tezi dume, mama aliyeshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida, kijana wa bodaboda aliyevunjika paja.

Alhamisi moja alirudi mgonjwa tuliyemfanyia upasuaji wa ngiri, kidonda kinatoa usaha. Ijumaa akarudi wa pili. Daktari wetu bingwa akanifuata pale ninapokunjia gozi za kufyonzea damu, akaniuliza, "Sista, mwezi huu ngiri tumefanya ngapi, na waliorudi na usaha ni wangapi?" Nikakaa na daftari tangu saa tisa alasiri mpaka adhana ya magharibi. Idadi ya ngiri niliipata kwa shida, maana nyingine zilikuwa zimeandikwa hernia, nyingine RIH (kifupi cha Kiingereza cha ngiri ya kinena upande wa kulia), nyingine ngiri, na nyingine lilikuwepo jina la upasuaji tu bila jina la ugonjwa. Waliorudi na usaha sikuwapata kabisa. Daftari linamfuata mgonjwa mpaka mlango wa thieta, basi. Hatua kumi kutoka hapo, kwenye ofisi ndogo, kulikuwa na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Tulikuwa tunaitumia kuandikia ratiba ya zamu na barua za likizo.

Ninawaandikia wauguzi, matabibu na madaktari wa hospitali kama yetu, zenye kompyuta moja au mbili, umeme unaokatika, na wanafunzi wengi. Mimi si mtengenezaji wa programu. Nilichojifunza ni kukifanya kile kilichopo kimwangalie mgonjwa.

Andika maswali kabla ya kuwasha mashine

Kaeni pamoja daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi, kiongozi wa wodi, kiongozi wa thieta na mtunza kumbukumbu. Kila mmoja ataje swali moja analoulizwa au kujiuliza kila mwezi na asipate jibu. Yetu yalikuwa haya: vidonda vingapi vinapata maambukizi na ni vya upasuaji gani; mgonjwa wa dharura anakaa muda gani tangu daktari aamue apasuliwe mpaka alazwe mezani; nani alifariki kabla ya kuruhusiwa na baada ya upasuaji upi; na kila intani, yaani daktari aliye kwenye mafunzo ya vitendo, amesaidia au kufanya upasuaji mara ngapi.

Maswali hayo ndiyo yatakayokupa kolamu. Sisi tulifanya haraka tukaanza na kolamu 34, kila mtu akiongeza yake. Baada ya wiki mbili nusu yake zilikuwa tupu, na zile zilizojazwa zilijazwa mwisho wa zamu kwa kukumbuka. Tukapunguza hadi 21. Kolamu isiyojibu swali lolote ifute, hata kama aliyeiomba ni mkubwa.

Jambo hili lina uzito kuliko hospitali moja. Mwaka 2015 kamisheni ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilieleza kwamba watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama wa gharama wanayoimudu pale wanapouhitaji. Ikapendekeza kila nchi ihesabu upasuaji unaofanyika na vifo vinavyotokea kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Hesabu za namna hiyo hazitengenezwi wizarani. Zinatoka kwenye mstari mmoja ulioandikwa vizuri na muuguzi wa zamu.

Kama hospitali yako tayari inatumia GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa hospitali, kwa usajili na malipo, usizue namba mpya za wagonjwa. Tumia namba ileile ya jalada. Na hesabu zako za mwezi zikipishana na zile za MTUHA, yaani taarifa za huduma za afya za kila mwezi, zinazopelekwa kwenye mfumo wa takwimu wa DHIS2, kaa na mtunza kumbukumbu mtafute tofauti imetoka wapi. Mara nyingi utakuta upasuaji wa usiku haukuingizwa upande mmoja.

Mahali pa kuiweka

Tuliitoa ofisini, tukaiweka kwenye meza ya chumba cha kuamkia, pale mgonjwa anapotazamwa baada ya usingizi. Muuguzi yupo pale muda wote, na kila jalada linapita pale. Mashine iliyofungiwa ofisini hujazwa Jumatatu kwa habari za Ijumaa.

Usiiweke chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji, wala karibu na sinki la kunawia. Inunulie UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta. Haitakupa saa nzima, itakupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Printa ya leza usiichomeke kwenye UPS hiyo, maana inavuta umeme mwingi kwa mara moja na kuizidi nguvu.

Kibodi ni chombo cha kugusana mikono, na sisi tunapigana na vidonda vinavyooza. Kanuni yetu ni moja tu na haina msamaha: glovu haigusi kibodi. Vua, nawa, ndipo uandike. Kila zamu inapoanza, mashine inazimwa, na kibodi na kipanya vinapanguswa kwa kitambaa kilicholowa kidogo spiriti ya asilimia 70. Lowesha kitambaa, usiimimine spiriti kwenye vibonye.

Kutengeneza jedwali lisilodanganya

Tunatumia Excel, programu ya majedwali. Asiyekuwa nayo apakue LibreOffice, ni ya bure na inafanya haya yote, ingawa majina ya menyu yanapishana kidogo. Mgonjwa mmoja, upasuaji mmoja, mstari mmoja. Akirudishwa mezani, anapata mstari wa pili wenye namba ileile ya jalada.

Kolamu tulizobaki nazo ni tarehe, namba ya jalada, jina, umri, jinsia, simu ya mgonjwa, simu ya jirani au ndugu, dharura au uliopangwa, ugonjwa uliodhaniwa, ugonjwa uliokutwa, upasuaji uliofanyika, aliyepasua, aliyesaidia, aina ya usingizi, daraja la ASA (kipimo cha hali ya afya ya mgonjwa kabla ya usingizi), usafi wa kidonda, saa ya uamuzi, saa ya dawa ya kuzuia maambukizi, saa ya kukata, hali wakati wa kuruhusiwa, na siku ya 30.

Ugonjwa una kolamu mbili kwa makusudi. Daktari akidhani ni kidole tumbo akakuta utumbo uliotobolewa na taifodi, tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe. Ukiandika lile la mwisho peke yake umelifuta.

Usafi wa kidonda una madaraja manne. Ngiri ya kawaida ni safi. Kidole tumbo ambacho hakijapasuka ni safi iliyoguswa, kwa sababu utumbo umefunguliwa katika hali iliyodhibitiwa. Jeraha jipya la ajali ni lililochafuka. Tumbo lenye usaha au kinyesi ni chafu. Pasipo kolamu hii utamlaumu daktari anayepokea matumbo mabovu ya usiku kwamba vidonda vyake vinaoza, na kumsifu anayefanya ngiri za asubuhi. Daraja la ASA nalo anajaza mtaalamu wa usingizi, 1 hadi 5 kwa wagonjwa wetu, na herufi E ikiongezwa kwa dharura.

Sasa mambo matatu yatakayokuokoa.

La kwanza, namba ya jalada. Kabla hujaandika chochote, chagua kolamu nzima uiweke iwe Text. Usipofanya hivyo, 004512 itageuka 4512, na siku ukimtafuta mgonjwa humuoni.

La pili, orodha ya kuchagua. Ugonjwa, upasuaji, usingizi na usafi wa kidonda usiruhusu viandikwe kwa mkono. Nenda Data, kisha Data Validation, chagua List, halafu onyesha orodha uliyoiandaa kwenye ukurasa wa pili. Hapo ngiri itaitwa jina moja siku zote. Acha na neno "nyingine" pamoja na nafasi ya maelezo, na kila mwezi zisome hizo nyingine: inayojirudia iingize kwenye orodha.

La tatu ni saa, na hili nitalikalia kidogo.

Saa nne ni saa ngapi?

Sisi tunazungumza saa za Kiswahili. Nikikuambia mgonjwa alipewa dawa saa nne na dakika kumi, unanielewa. Lakini kwenye daftari letu la zamani nilikuta 4:10 iliyokuwa 10:10 asubuhi, 4:10 iliyokuwa 22:10 usiku, na 4:10 iliyoandikwa na intani aliyesoma nje, ambayo kweli ilikuwa saa kumi alfajiri. Alama ni ileile, nyakati ni tatu. Kanuni yetu ni kwamba mdomo useme saa za Kiswahili upendavyo, kompyuta iandikwe saa 24. Tuliweka saa ya ukutani ya tarakimu inayosoma 13, 14, 15, na muuguzi anainakili kama alivyoiona, bila kubadilisha kichwani.

Kwa nini nahangaika hivyo? Kwa sababu ya dawa ya kuzuia maambukizi. Orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani inauliza kama imetolewa ndani ya dakika 60 kabla ya kukata. Ikitolewa mapema mno inakuwa imepungua mwilini, na ikitolewa baada ya kisu imechelewa. Sisi wote tulikuwa tukiapa kwamba tunaitoa kwa wakati. Nikaiachia kompyuta ihesabu.

Tuseme saa ya dawa iko kolamu ya R na saa ya kukata iko S. Kwenye kolamu ya pembeni andika:

=IF(OR(R2="",S2=""),"",MOD(S2-R2,1)*1440)

Kisha iweke iwe namba ya kawaida, si saa. Kompyuta inaihesabu saa kama sehemu ya siku, na siku ina dakika 1440, ndiyo maana tunazidisha. Hiyo MOD inatibu usiku wa manane: dawa ikitolewa 23:50 na kisu kikaanza 00:20, utapata 30, wala hutapata namba hasi. Halafu kwa Conditional Formatting amuru kisanduku kinachozidi 60 kiwe chekundu, na saa ya dawa iliyoachwa tupu iwe njano.

Mwezi wa kwanza nilikuta kisanduku kimoja kimeandika 1430. Nikadhani nimekosea fomula, nikaiandika upya mara tatu. Haikuwa na kosa. Dawa ilitolewa dakika 10 baada ya kukata, na kompyuta ikahesabu kana kwamba ilitolewa jana yake. Kwa hiyo ukiona namba kubwa namna hiyo, ifuate mpaka kwenye jalada, iko sahihi.

Tulipopanga yale mekundu kwa mpangilio tukaona kisa. Dawa ilikuwa inatolewa wodini, kabla mgonjwa hajasukumwa kuja thieta, halafu anangoja nje ya mlango huku kesi iliyotangulia ikiendelea. Tukaihamisha dawa: sasa anaitoa mtaalamu wa usingizi, mgonjwa akiwa tayari mezani. Hatukununua kitu. Daktari alisimama mbele ya skrini kimya, kisha akasema, "Sista, tumekuwa tukiwapa dawa ya kungojea."

Orodha ya usalama ibaki mdomoni

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008. Ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, na moja yao ilikuwa ya hapa kwetu, Ifakara. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Huwaambia wanafunzi jina la Ifakara kwa sauti, wajue ushahidi huu umetoka pia kwenye mikono ya watu kama wao.

Nimeombwa mara kadhaa niiweke kwenye kompyuta ili muuguzi abonyeze. Nimekataa. Orodha hii inafanya kazi kwa sababu watu wanasimama, wanatazamana, wanasema majina yao na kuhesabu gozi kwa sauti. Ukimpa mtu skrini atatazama skrini. Sisi tumeichapa kubwa, tukaibandika ukutani pale mpasuaji anapoitazama akiwa na mikono juu. Muuguzi anayezunguka anaisoma, wengine wanajibu, yeye anatia alama kwenye karatasi. Kinachoingia kwenye kompyuta baadaye ni zile saa tu.

Raundi ya asubuhi

Hapa sitasema mengi. Muuguzi wa zamu ya usiku anachapa karatasi moja: wagonjwa waliolala, upasuaji, na siku ya ngapi tangu wapasuliwe. Siku hizo kompyuta inazihesabu yenyewe kwa =TODAY() kutoa tarehe ya upasuaji. Pembeni acha nafasi ya kuandika kwa kalamu homa, mkojo na hali ya mshono. Karatasi hiyo ina majina ya watu na magonjwa yao, kwa hiyo mwisho wa raundi inarudi kwangu na inachomwa. Niliwahi kuiokota moja kwenye benchi la kungojea wagonjwa wa nje, imefungiwa karanga. Tangu siku hiyo nazihesabu.

Kufundishia

Tunapokea wanafunzi wa uuguzi, matabibu wanafunzi, na intani. Anza na kitu cha rahisi kuliko vyote: kufunga fundo.

Funga uzi wa kushonea uliokwisha muda wake kwenye mguu wa kiti. Simamisha simu juu ya rundo la vitabu, kamera ikitazama mikono tu. Mwanafunzi afunge mafundo kumi, kisha hamishia video kwenye kompyuta na uifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video, ambayo ni ya bure. Alama ya [ inapunguza mwendo. Herufi E inasogeza picha moja baada ya nyingine.

Intani mmoja, kijana mwenye mikono myepesi, aliniambia, "Mama, mbona mafundo yangu yako sawa?" Nikamkalisha kwenye skrini nikabonyeza E, E, E. Fundo la kwanza uzi wa kulia ulipita juu, mikono ikapishana, likalala bapa. La pili sawa. La tatu mikono haikupishana, aliuvuta uzi upande uleule, na fundo likakaa mshazari badala ya kulala. Kwa mwendo wa kawaida usingeliona. Nikampa kiti akavuta, fundo likateleza na kufunguka. Hakunijibu neno. Alihama na kiti kile kibarazani, na jioni nikamkuta bado yuko nacho. Fundo la namna hiyo likiwa kwenye mshipa wa damu, mgonjwa anavuja usiku wakati sote tumekwenda nyumbani. Ningemweleza kwa maneno mwaka mzima, asingeona alichokiona kwenye ile picha.

Video za upasuaji wa mtandaoni zina faida, lakini zichague na daktari kwanza, zipakue usiku intaneti inapokuwa nyepesi, uziweke kwenye diski ya idara. Usiziwashe zikaenda mpaka mwisho huku watu wanasinzia. Simamisha kabla ya kila hatua uulize: sasa unashika chombo gani? Nini kiko chini ya kidole chako? Kipi usikikate hapa? Muuguzi mwanafunzi ajibu atampa mpasuaji nini kinachofuata. Video ya dakika 12 hutuchukua saa nzima.

Picha za CT, zile za eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, huletwa kwenye diski. Acha kuzipiga picha kwa simu kutoka kwenye filamu, fungua diski yenyewe kwa programu ya bure kama 3D Slicer, wanafunzi wapite kipande kwa kipande kutoka juu ya kichwa kwenda chini. Daktari wetu anafundisha damu za kichwani kwa maneno ambayo hakuna anayeyasahau: damu iliyo nje ya utando mgumu unaofunika ubongo hukaa kama punje ya dengu, iliyo chini ya utando huo hukaa kama mwezi mwandamo. Tahadhari moja: faili la picha hizi limebeba jina la mgonjwa na tarehe yake ya kuzaliwa ndani yake, hata kama kwenye skrini hulioni. Ukimnakilia mwanafunzi kwenye flashi umempa na jina. Programu nyingi za kufungulia picha zina njia ya kuondoa majina, na fanya hivyo kwanza.

Kwa kusoma, uliza maktaba ya hospitali au chuo mlicho karibu nacho kuhusu Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 ili taasisi za nchi kama zetu zisome majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Taasisi ndiyo inayosajiliwa, wewe unapewa nenosiri. Na kama mna madaktari wanaosomea ubingwa kupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha, wanatakiwa kutunza kumbukumbu ya kila upasuaji wanaoufanya. Jedwali lenu likiwa na kolamu ya aliyepasua na aliyesaidia, kumbukumbu hiyo mnaihakiki kwa dakika chache. Intani nao nawachujia jina kila mwisho wa mwezi. Nikiona mmoja amesimama mezani mara 20 na mwenzake mara tatu, namfuata kiongozi wao.

Kikao cha vifo na madhara tunakifanya Ijumaa mbili kwa mwezi. Projekta, ukutani shuka jeupe la thieta. Kila mgonjwa ana ukurasa mmoja wenye saa na matukio, hakuna jina la mgonjwa wala la mtumishi. Tunauliza kilitokea nini, saa ngapi, na wapi tungeweza kukishika mapema. Siku ya kwanza tuliposoma saa ya uamuzi na saa ya kukata za wagonjwa wa dharura, zilizopangwa kuanzia fupi hadi ndefu, chumba kilinyamaza. Waliongoja sana walikuwa wakingoja damu. Tangu hapo kikao kina mtu wa maabara, na sampuli ya kundi la damu inachukuliwa papo hapo daktari anapoamua, kabla ndugu hawajamaliza kutia saini.

Nakala, nywila na siri za watu

Kila mtumishi ana jina lake na nywila yake. Nywila moja ya wote, iliyobandikwa pembeni ya skrini, ni sawa na kuacha kabati la majalada wazi. Faili la jedwali liwekee nenosiri pia. Flashi za wanafunzi haziingii kwenye mashine hii, zinatumia ile ya kufundishia.

Nakili kila siku ya kazi kwenye diski ya nje. Kuwe na diski mbili zinazopokezana, moja kwenye kabati la dawa za kulevya lenye kufuli, nyingine jengo tofauti. Na mara moja kwa mwezi fungua nakala uone kama inafunguka. Umeme uliwahi kurudi kwa kishindo ukaunguza mashine yetu, na diski tuliyoitegemea tukakuta haijapokea kitu kwa wiki tano. Kilichotuokoa ni lile daftari la bluu. Tulikaa watu watatu, mmoja anasoma, wawili wanaandika, mpaka pengo likazibika. Kwa hiyo daftari halijaondoka. Mgonjwa anaandikwa kwenye daftari kwanza, kisha kompyuta, na kalamu yake imefungwa kwa uzi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ni miongoni mwa zile nyeti zaidi. Picha ya kidonda haipigwi kwa simu ya mtu binafsi ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp. Omba ridhaa, eleza itatumika wapi, piga kidonda tu bila uso wala mchoro wa mwili unaomtambulisha, na ifutwe kwenye simu ikishahamishwa. Mgonjwa akikataa, amekataa, na huduma yake haipungui.

Siku ya 30

Kolamu hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nianze. Kidonda cha upasuaji kinafuatwa siku 30, na mgonjwa wetu anaruhusiwa siku ya tatu. Mengi yanatokea akiwa kijijini.

Tuna simu ya idara. Kila asubuhi nachuja waliotimiza siku 30, kwa kawaida hawazidi watano au sita. Nawapigia mwenyewe au namkalisha mwanafunzi pembeni ajifunze kuuliza. Salimia kwanza kama mtu. Halafu uliza kwa maneno yao: kidonda kimefunga? Kuna sehemu inatoa maji au usaha? Pana uvimbe, pana joto ukigusa? Ulipata homa? Umepaka kitu chochote? Ulikwenda zahanati wakakufungua mshono? Usiulize "unaendeleaje", maana utajibiwa "tunamshukuru Mungu" na hutajua lolote. Simu yake isipopatikana, piga ya jirani. Usimweleze jirani ugonjwa, mwombe tu amfikishie kwamba hospitali inamtafuta.

Mwezi uliopita nilimpigia mvuvi mmoja, mtu mzima, tuliyemfanyia upasuaji wa busha. Akapokea binti yake. "Shikamoo mama. Baba yupo, ila hataki kurudi hospitali, anasema mtamkata tena." Nikamwomba anipe mzee. Nikamwamkia, nikamuuliza kama nguo yake ya ndani inalowa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Inalowa, mwanangu, wiki ya pili sasa." Akaja kesho yake kwa bodaboda, akiwa amejifunga kanga ya mkewe kiunoni. Tuliifungua sehemu ndogo ya mshono, tukasafisha, akarudi kufungwa kidonda kila siku mbili mpaka kikakauka.

Nilipokaa kumwandikia mstari wake, kolamu zote zilikuwa zimejaa isipokuwa moja. Kisanduku cha saa ya dawa kilikuwa njano.